Sponji Haipandi Cheo

Kila Jumamosi asubuhi nyumba ile iligeuzwa juu chini. Viti vilipandishwa juu ya meza, ndoo zikajipanga koridoni, na mtoto mdogo akakalishwa ndani ya beseni kavu asije akanywa maji ya sabuni. Msimamizi wa shughuli yote alikuwa Chiriku, binti wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Basi akaja binamu yake kuishi nao. Huyu alikuwa na miaka kumi na mmoja, mpole, mikono haitulii. Wiki haikuisha, mama akawa anamwita Nyuki.

Mama alifanya kazi ya usafi kwenye zahanati, na nyumbani hakutaka kitu kitupwe ovyo. Sponji mpya yenye pembe nne ilikuwa ya vyombo. Ikichoka, mama aliikata pembe moja, ikahamia kwenye jiko na meza. Ikichoka zaidi, alikata pembe ya pili, ikaenda kusugua choo, na kutoka hapo safari yake ilikuwa jalalani.

"Sponji hushuka cheo," mama alipenda kusema. "Haipandi."

Siku moja glavu za kufulia zilitoboka, kama kawaida, ile ya kulia. Ilikuwa jozi ya pili kutoboka hivyo, kwa hiyo zikabaki mbili za kushoto. Chiriku alishazibeba kwenda kuzitupa.

"Shangazi, ngoja kidogo," Nyuki akamwambia mama. Akaigeuza moja nje ndani, akaivaa mkono wa kulia. Ikakaa sawasawa.

Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akavua shingoni ufunguo wa kabati la sabuni, wenye uzi mwekundu, akamvisha Nyuki.

Chiriku aliutamani ufunguo ule tangu akiwa darasa la tatu. Usiku alimgeuzia mwenzake mgongo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alijisemea. "Huyu kaja, mwenyeji naugua." Kila Nyuki alipopita, ufunguo uligonga kifungo cha gauni, ti, ti, ti, na kila mlio ulimchoma Chiriku kama mwiba.

Jumamosi iliyofuata mama alikwenda kazini, na Nyuki alikuwa uani akianika matambara. Chiriku akaingia msalani, akachukua sponji iliyokatwa pembe mbili. Aliifua kwa sabuni nyingi, akaisuuza, akaiweka juani mpaka ikanukia vizuri. Kisha akachukua mkasi, akazungusha. Zile pembe mbili zilizobaki zikaondoka, na alama za zile zilizokatwa zamani hazikuonekana tena. Ikawa duara safi, kama kifuniko cha kopo.

Mama aliporudi mchana aliikuta kwenye sinki. "Hii nayo?"

"Nimeitengeneza mimi, mama. Ilikuwa kuukuu ya vyombo. Ukiikata duara, inaingia mpaka chini ya kikombe."

"Kumbe na mimi nimezaa fundi," mama akasema. "Nyuki, mwanangu, mpe dada yako ufunguo. Wiki hii zamu yake."

Chiriku alitarajia mwenzake anune. Nyuki akauvua, akamvisha kwa mikono miwili. "Hongera, dada. Mimi hilo nisingelifikiria."

Kisha akaichukua ile sponji ya duara, akaizungusha ndani ya kikombe cha mtoto, akasuuza, akamimina maziwa. Mtoto akanyoosha mikono kutoka kwenye beseni lake.

Ufunguo ukawa mzito shingoni mwa Chiriku. Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni mwa mtoto.

"Usimpe," akasema, akakinyakua. Maziwa yakamwagika sakafuni. "Hiyo sponji... niliitoa chooni."

Mtoto akaangua kilio akitaka maziwa yake.

Mama hakupandisha sauti. Aliitupa sponji, akabandika maji, akatumbukiza kikombe na vyombo vyote vilivyoguswa, vikachemka. Ndipo akavuta kigoda.

"Niliifua sana, mama. Ilikuwa inanukia."

"Harufu nzuri haiui vijidudu. Kule zahanati, dekio la chooni lina mpini mwekundu, na hata liwe jeupe pe, halivuki mlango. Kutumia kitu tena ni akili, lakini lazima ujue kimetoka wapi. Tukiokoa sponji tukaharisha nyumba nzima, tumeokoa nini?"

Chiriku akainamisha kichwa.

"Halafu kuna hili la pili. Wanasema hasidi hana sababu. Wewe sababu unayo, ila ni ndogo kuliko tumbo la mdogo wako. Ufunguo ni kazi tu, mwanangu. Mapenzi yangu hayakai kabatini."

Chiriku akauvua ule uzi mwekundu bila kuambiwa, akamrudishia Nyuki. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuonea wivu."

"Nilijua," Nyuki akajibu. "Unavyolala, mgongo wako unaongea kuliko mdomo."

Mama akajizuia kucheka, ikashindikana. Akampa Chiriku mkasi. "Aliyezificha pembe ndiye atakayezikata kuanzia leo. Mwenzio anafungua kabati, wewe unaweka alama."

Chiriku akaugeuzageuza mkasi. "Na mimi mama, umenikata pembe ngapi?"

"Moja," mama akasema, akimfuta maziwa mkononi. "Lakini wewe si sponji. Umesema kweli kabla mtoto hajanywa, kwa hiyo wewe unaweza kupanda."