Anayegonga Ukutani

Babu yangu alikuwa mwashi, na kuta alizozijenga zimesimama wima hadi leo. Baba yangu alikuwa fundi bomba, na hakuna aliyewahi kumwita arudie kazi yake. Katika ukoo wetu hajatokea mtu wa kunyooshewa kidole. Nayasema haya mapema ili msomaji aelewe kwa nini mambo ya hoteli ile kongwe yalinichoma moyo.

Hoteli hiyo ya kifahari, iliyo katikati ya mji, ilipotimiza miaka themanini, meneja aliwaalika watoto wa mafundi walioijenga wakae siku mbili kama wageni. Nilikwenda na mjukuu wangu wa kike mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Nyumbani, kila asubuhi hutandika kitanda chake, akafagia, akanichemshia chai. Kule alikuta kila kitu kimekwisha kufanywa, akabaki kuzurura. Alivisifu vitanda laini, madirisha marefu na ngazi za marumaru. Hakuipenda lifti ya zamani iliyopanda ikilalamika, wala korido ndefu ambamo picha za watu waliokufa zamani zilimtazama kila alipopita. Zaidi ya yote aliuogopa ukuta wa chumba chetu. Uligonga mara tatu, ukanyamaza, kisha ukagonga tena.

Mhudumu wa vyumba, mama mchangamfu, alimtania kwamba huyo wa ukutani ni mkongwe kuliko meneja, tena hajawahi kuomba likizo. Mjukuu wangu hakucheka.

Mchana wa siku ya pili nilishuka kusoma gazeti. Niliporudi, jagi la kaure lililokuwamo chumbani tangu hoteli ifunguliwe lilikuwa vipande vipande sakafuni. Mjukuu wangu alikuwa akimweleza msimamizi wa wahudumu kwamba yeye hakuligusa. Alisema anayegonga ukutani ndiye aliyeliangusha. Msimamizi hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Aliuliza ni nani aliyeingia mwisho kusafisha, kisha akaagiza mhudumu yule aitwe ofisini kwa meneja. Nilimwona akipita koridoni huku akivua aproni yake. Ilikuwa dhahiri kwamba angemwaga unga siku hiyohiyo.

Nilifunga mlango. Ukuta ukagonga mara tatu. Niliushika mkono wa mjukuu wangu, nikauweka juu ya bomba lililopita kando ya dirisha. Lilikuwa la moto.

"Mgeni wa juu anaoga," nilimwambia. "Maji ya moto yakipita, bomba hutanuka, likagonga ukuta. Unajua ni nani aliyelitia bomba hili?"

Alitikisa kichwa.

"Baba yangu. Humu ukutani hamna mwingine ila kazi ya mikono yake. Umemsingizia mzee wako kwamba amevunja mali ya watu, naye hawezi kuinuka ajitetee."

Machozi yalimlengalenga. "Nilikuwa nimelishika, babu. Ukuta ulipogonga nilishtuka, likaniponyoka. Utakuja nami kwa meneja?"

"Nitasimama mlangoni. Maneno ni yako."

Alipiga moyo konde, akashuka, akaungama yote mbele ya mhudumu. Meneja alimwomba radhi mama yule na kumrudishia aproni. Alasiri nzima mjukuu wangu alifuta vumbi ngazini pamoja naye, na hakuna aliyemlazimisha.

Katika hoteli hiyo, mgeni anayeondoka huandika kitabuni yaliyompendeza na yaliyomkera. Kesho yake mjukuu wangu aliandika vitanda kwenye mema na lifti kwenye mabaya, kisha akaongeza: "Baya lililozidi nilikuja nalo mwenyewe."

Tulipokuwa tukifunga sanduku, ukuta uligonga mara tatu. Mgeni wa juu alikuwa amekwisha kuondoka tangu asubuhi. Mjukuu wangu aligusa bomba. Lilikuwa baridi. Hakuogopa, aliinamisha kichwa na kuaga, kama mtoto anavyomuaga mkubwa wake.

Nanyi vijana mnaosoma haya, shikeni ninayowaambia. Waliowatangulia hawawezi kujitetea. Jina lao mmelibeba nyinyi. Ukivunja, sema umevunja, tena useme kabla mwenzako hajavua aproni yake.