Jina Lililoachwa Pangoni

Nyenje aliyekufa alianza kuimba Dima akiwa bado na chapati mdomoni.

Mdudu huyo alikuwa mezani, ndani ya kichupa cha spiriti, miguu juu. Dima akaacha kutafuna. Kama mtafiti, amekamata wadudu katika nchi nyingi, amekojolewa na popo katika mapango asiyoweza kutamka majina yake, na huko Oman kitambi chake kiliwahi kukwama mlangoni mwa pango hadi wenyeji wakamvuta kama ndama anayezaliwa. Lakini jambo moja alilijua bila wasiwasi: nyenje huimba kwa mabawa, na huyu wa pangoni hana mabawa. Hata angekuwa hai, hakuwa na cha kuimbia.

Tena wimbo wenyewe aliujua. Ni ule anaoimba binti yake, Hamdi, akimsuka mwanasesere wake. Na Hamdi alikuwa chumba cha pili, hajatoa sauti tangu juzi. Daktari wa mjini alichungulia koo lake, akasema koo ni zima.

Kabale, mkewe, alisimama mlangoni. "Baba Hamdi," alinong'ona, "unasikia?"

"Ni friji."

"Stima imepotea tangu asubuhi."

Ndipo Dima akamweleza, kwa sauti ya chini, habari za pango la huko Kipsing alikomtoa nyenje huyo juzi. Wafugaji hunywesha mbuzi humo ndani, kwenye maji yanayodondoka, na humo hakuna anayeitwa kwa jina. Wanaitana kwa mluzi. Ekaale, mfugaji aliyemwongoza, alimwonya mapema: "Humu jina halirudi, daktari."

"Jini akinitaka," Dima alimjibu, "anitumie meseji."

Kisha akamnasa nyenje wa aina isiyojulikana bado duniani. Mkono mmoja una kibano, mwingine una kichupa, basi akafanya anavyofanya siku zote: akayasema maneno ya lebo kwa nguvu ili simu irekodi. Pango, tarehe, na jina jipya la mdudu. Hamdi. Alilirudia, maana simu ilikuwa ikikwama.

Hakuwa na nia mbaya. Jumatatu mashine za kuvunja mawe zilikuwa zinakuja, na maofisa walishasema pango litahifadhiwa tu iwapo mdudu huyo ataandikishwa kwa jina, na sampuli yake ionekane.

Kabale akamwita Sheikh Mohamednoor. Mzee alisoma kando ya mtoto, akavuta hewa puani. Chumba kilinuka mawe mabichi na mavi ya popo.

"Wenye pango hawakuiba," alisema. "Ulimchukua wao, ukawaachia wako. Kwao hayo ni mabadilishano. Mrudishe, ulichukue jina palepale ulipolisemea."

"Bila sampuli pango litavunjwa, Sheikh."

"Na bila sauti, huyu?"

Dima alimtazama binti yake, aliyekuwa akifungua mdomo na kuufunga. Akachukua kichupa.

Mchana huo aliingia pangoni peke yake. Ekaale alibaki nje na mbuzi waliokataa kusogea. Mwanzoni palikuwa na ubaridi tu, kisha ile harufu, kisha tochi ya kichwani ikamwonyesha kwamba ukuta mzima ulikuwa nyenje, mmoja juu ya mwingine mpaka juu kabisa, hakuna anayetikisika, vipapasio vyao virefu vyote vimemwelekea kama watu wanaomnyooshea kidole mwizi, na kila alipopiga hatua wimbo wa Hamdi ulipanda kutoka chini ya mawe, polepole, kwa makoo mengi, mpaka akapiga magoti, akammwaga yule mfu majini, akasema, "Hamdi, mwanangu, twende nyumbani," na pango lote likanyamaza kwa pamoja.

Alitoka kinyumenyume. Nje, simu ilikuwa ikiita.

"Ameongea, Baba Hamdi." Kabale alikuwa akilia na kucheka. "Alhamdulillahi. Ameomba maji, amemaliza mtungi mzima."

Dima akaketi juu ya jiwe. "Mpe simu nimsikie."

"Ngoja kidogo, bado anazunguka nyumba, anakagua vyumba. Na anavyoongea, utadhani mtu mzima. Ameniuliza, Jumatatu wakivunja mawe, yeye atalala wapi."

Dima aligeuka akamulika ndani ya pango. Ukuta ulikuwa mtupu, hata nyenje mmoja hayupo.

"Nikamwambia, mwanangu, si hapa kwetu? Karibu." Kabale akavuta kamasi, akacheka kidogo. "Amefurahi sana. Amesema basi, atawaita na wenzake."