Alama ya Tano

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Chaki alikuwa na kazi tatu kabla ya kugusa daftari. Kwanza alivua sare, akavaa gauni lake la zamani lenye madoa ya oili. Kisha alifagia karakana ya mama yake, kuanzia kwenye kabati la spana hadi langoni. Mwisho alitoa kipande cha chaki kwenye kopo tupu la maziwa, akakaa karibu akisubiri kuitwa. Kipande hicho ndicho kilichompa jina. Mwalimu alikuwa na jina lake jingine kwenye daftari la mahudhurio, lakini mtaani hakuna aliyelijali.

Karakana hiyo ilikuwa na sheria moja tu. Skrubu ikikazwa, huchorwa mstari mweupe, na anayechora ni yule aliyekaza. Mwingine akiuona mstari, hasumbuki kukagua tena, anapita. Mama alikuwa na miaka kumi na saba ya ufundi na mgongo uliomuuma kila alipoinama. Mistari ile ilimpunguzia kuinama.

Jumatano hiyo Chaki alimkuta mama yake ameketi juu ya tairi kuukuu, mikono imelala magotini kama vitu visivyo vyake. Mbele yake gari la mkunga lilikuwa limefunguliwa boneti, siku ya tatu sasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fagia polepole, mwanangu. Kichwa kinanigonga."

Gari hilo lilitengenezwa Jumamosi likaondoka zima. Jumatatu likarudi, na mkunga akashuka kwa hasira huku amekumbatia mkoba wake mweusi.

"Fundi, gari limeniaibisha!" alisema. "Likisimama, linatetemeka kama mtu mwenye homa. Likifika kilima cha zahanati, ndiyo basi. Nakanyaga mafuta, linakohoa moshi mweusi tu. Leo watoto wa shule wamenipita kwa miguu, tena wananipa pole!"

Siku ile mama alicheka. Akabadilisha plagi. Jumanne akabadilisha chujio la mafuta, akapima na presha ya pampu. Leo asubuhi alikwenda kwa Mzee wa Vipuri, rafiki yake wa tangu alipoanza kazi, akachukua kipima hewa kingine, kile kifaa kinachoiambia injini imevuta hewa kiasi gani ili ipewe mafuta ya kutosha. Akakifunga. Gari likatetemeka vilevile. Na siku zote hizo mkunga alipanda kilima kwa miguu, mkoba kichwani, kwa sababu huko juu kulikuwa na mwanamke aliyekaribia kujifungua.

"Imebaki tabo yenyewe," mama alisema, akijiambia zaidi kuliko kumwambia mtu. Tabo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini, nayo huisukumia injini hewa nyingi ipate nguvu. Kuishusha ni kazi ya siku mbili, tena ya kulala chali chini ya gari. "Lakini kabla sijaishusha, niangalie paipu za hewa mara nyingine."

Akainuka kwa taabu, akawasha tochi. "Klipu ya kwanza, chaki. Ya pili, chaki. Ya tatu, chaki. Ya nne. Na ya tano ile kule chini, chaki. Paipu ziko salama."

Ufagio ukamtoka Chaki mkononi.

Jumatatu aliposikia mama akihesabu hivyohivyo, ndipo alipokumbuka. Jumamosi aliachiwa klipu tano akaze, zile pete za chuma zinazobana mipira ya hewa. Nne alizikaza vizuri. Ya tano ilikuwa chini kabisa, mkono haufiki mpaka ukwaruzwe, na wenzake walikuwa wanamwita nje: "We Chaki, mpira unaanza! Tunakuacha!" Basi akachora mistari yote mitano kwa mpigo mmoja, akiahidi moyoni kwamba atarudi. Mama alipouliza, "Umekaza zote?" alijibu, "Nimekaza zote." Akaenda kucheza, na ahadi yake ya moyoni akaisahau huko huko uwanjani.

Tangu Jumatatu alitafuta namna ya kusema neno hilo. Kila mama alipozidi kuchoka, ndivyo neno lilivyozidi kuwa zito.

Langoni akaingia Mzee wa Vipuri, amevaa kofia yake ya sufi jua lote lile.

"Dada, nimepita kujua. Gari limepona?"

"Lipone vipi?" Mama hata hakumtazama. "Umenipa kipima kibovu."

"Kibovu? Nimekijaribu kwenye gari langu mbele ya macho yako!"

"Basi kiliharibikia njiani! Kaka, nina siku tatu sijanyoosha mgongo. Kama bidhaa zako zimekuwa takataka, niambie tu nijue."

Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Mimi leo ni mwuza takataka," alisema taratibu. "Haya. Siji tena hapa." Akaondoka, hatua zake fupifupi kama za mtu aliyebeba mzigo.

Mama akaenda nyuma kunawa uso. Chaki akabaki peke yake na gari. Bisibisi ilikuwa pale juu ya kabati. Angeweza kuinama, akakaza klipu ya tano mizunguko sita, gari likapona, na dunia isijue. Alikwisha kuishika. Mkono ulikwisha kuingia kati ya paipu.

Ndipo akaona jinsi mambo yatakavyokuwa. Gari litapona, ndiyo. Lakini mama ataamini kwamba kipima kile kilikuwa kikisumbua kisha kikakaa sawa, na Mzee wa Vipuri atabaki mwuza takataka maisha yake yote.

Akautoa mkono. "Mama!" aliita. "Mama, njoo. Klipu ya tano sikuikaza. Nilichora tu."

Mama alisimama mlangoni, maji yakimdondoka kidevuni. Akajifuta uso kwa mkono, polepole hata Chaki akatamani kofi.

"Nenda kwa fundi wa pancha," mama alisema mwishowe. "Mwambie naomba mashine yake ya upepo. Umeshasema, sasa tuhakikishe."

Mashine ilipofika, mama aliziba mdomo wa paipu kwa kifuniko cha bati chenye valvu ya tairi, akapuliza upepo kidogo kidogo. Chaki alimwaga maji ya sabuni kwenye kila klipu. Kwenye nne za kwanza hakikuonekana kitu. Kwenye ya tano povu likachemka kama uji jikoni, na sauti ikasikika: ssss.

"Unaona?" mama alisema. "Gari likisimama, injini inavuta hewa ya wizi hapo, hewa ambayo kipima hakikuihesabu. Ndiyo maana linatetemeka. Likipanda kilima, tabo inasukuma, na pumzi yote inatorokea hapo hapo. Magonjwa mawili, tundu moja. Haya, kaza."

Chaki alikaza mpaka ngozi ya kidole ikachubuka. Mama alipofunga boneti, akaweka glasi ya maji juu yake na kuwasha, injini ilinguruma laini, glasi haikutikisika.

Mkunga alikuja jioni ile ile, akalichukua gari lake. Walisimama langoni wakalisikiliza gari likipanda kilima, likipanda tu, bila kukohoa, mpaka sauti ikazama nyuma ya nyumba za juu.

"Sasa tutoke, twende kwa Mzee," mama alisema, akijishika kiuno. "Mimi nilimtukana, mimi nitaomba radhi. Wewe utasimama kando yangu useme ulichofanya."

"Atanichukia, mama."

"Labda. Tutalibeba hilo." Mama alimpa kipande cha chaki, lakini hakukiachia upesi. "Sikiliza. Sijachoka kwa kazi, kazi nimeizoea. Nimechoka kwa kutafuta mahali pasipo na ubaya, kwa sababu mahali penye ubaya uliniandikia kwamba ni pazima. Mstari huu ni wewe unaniambia 'nimefanya'. Usipofanya, acha patupu. Patupu nitapaona, nitapamaliza mwenyewe, wala sitakugombeza."

Chaki alirudi kwanza kwenye kopo, akarudisha chaki ndani. Ilikuwa imebaki kipande kifupi kama jino. Kisha akamfuata mama yake, na kwa kuwa mama alitembea polepole, naye akatembea polepole.