Homa Chumbani mwa Apua

Kila asubuhi Regina alifanya kazi zake kwa mpango uleule. Aliwasha jiko. Alipika uji. Aliwatoa watoto kwenda shule. Alijaza mitungi maji kabla mfereji haujakauka. Kisha ilibaki kazi moja ambayo siku hizi hakuipenda. Ilikuwa kufungua mlango wa chumba cha Apua.

Apua alikuwa mama mkwe wake. Alifia ndani ya chumba hicho mwaka uliopita, baada ya homa ya siku tisa. Ni chumba kidogo cha matofali ya udongo, nyuma ya nyumba, pale Kambi ya Juu mjini Isiolo. Kina giza. Kina ubaridi hata jua la saa saba likiwa kali. Ndiyo maana Regina alikichagua. Alikuwa amesikia redioni kwamba uyoga hupenda mahali pa namna hiyo. Mume wake Ekidor, anayefanya kazi ya shamba kule Kinna, alimletea chupa mbili za mbegu ya uyoga. Regina akajaza mifuko kumi na miwili ya plastiki. Akaipanga juu ya kichanja, palepale kilipokuwa kitanda cha Apua.

Hiyo ilikuwa siku ya tano tangu aipange. Regina alinyoosha mkono gizani, akagusa mfuko wa kwanza. Akaurudisha mkono upesi.

Mfuko ulikuwa moto.

Halikuwa joto la jua. Jua halikufika humo. Lilikuwa joto la mwili. Vidole vya Regina vililijua. Ni joto lile alilolishika kwenye paji la uso la Apua, siku ya tisa.

Akagusa wa pili. Moto. Akasogea kwa wa tatu, na hapo harufu ikampanda puani na kumchoma macho. Hiyo nayo aliijua. Ilikuwa harufu ya shuka za Apua.

Ubavuni mwa mfuko wa tatu palikuwa na doa la kijani. Doa lilikuwa na vidole. Regina alivihesabu. Vilikuwa vitano.

Alitoka nje, akafunga mlango, akakaa juu ya mtungi wa maji.

Saa nne Ekitela alifika. Ekitela ni kaka mkubwa wa Ekidor, mtoto wa kwanza wa Apua.

"Ejoka, mama Etabo," alisalimu, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Ejoka, shemeji. Nikuletee kiti?"

Hakuhitaji kiti. Alikuwa na ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mzee wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Aliiweka mbele ya mlango wa chumba. Akanusa mara moja.

"Mama yuko ndani," alisema.

Regina alirudi nyuma hatua moja.

"Umeweka nini mahali pa kitanda chake?"

"Uyoga."

"Uyoga ni chakula cha fisi."

"Watu wa hoteli wanakula, shemeji."

"Watu wa hoteli hawakuzaliwa na mama yangu."

Alifungua mlango. Akashika mfuko mmoja, akauacha kama mtu aliyeshika kaa la moto. Alipotoka alikuwa amebadilika uso. Alitoa tumbaku kwenye mfuko wa koti, akaimwaga kizingitini na juu ya kichanja.

"Alipenda tumbaku," alisema. "Akituliza roho, vizuri. Asipotuliza, nitahesabu miezi miwili angani. Wa pili ukiisha nitakuja na nyundo. Hiki chumba nitakiangusha. Huwezi kulima juu ya kitanda cha mtu."

Alipoondoka, Regina aliangalia mikono yake. Ngozi ya vidole ilikuwa imechanika kwa kufulia watu nguo. Aliacha kufua ili alime uyoga. Hapakuwa na chumba kingine chenye ubaridi pale nyumbani. Chumba kikianguka, angerudi kwenye beseni na sabuni.

Lakini alikuwa na jambo baya zaidi, ambalo hakumwambia mtu. Yeye mwenyewe aliamini kwamba Apua yuko ndani.

*

Kesho yake jirani aliita mlangoni.

"Salaam aleikum, wenye nyumba."

"Karibu, Khadijo."

Khadijo ni mke wa Abdisamad, dereva wa lori la mizigo kati ya Isiolo na Mombasa. Yeye mwenyewe alikuwa mwaka wa pili akilima uyoga nyumbani kwake.

"Abaayo, dada yangu," alisema, "watoto wako wameniambia unaficha mgonjwa ndani ya mfuko."

Regina hakucheka. Alimshika mkono, akampeleka. Khadijo aliingia, akavuta shungi lake puani, akaweka kiganja juu ya mfuko wa kwanza.

"Ni moto kweli."

"Umeona?"

"Nimeona. Ulijaza nini humu?"

"Chakula kizuri. Nyasi za boma, zile mbuzi walikuwa wanalalia. Zimejaa samadi. Sisi tumefuga, Khadijo. Mahali mbuzi wamelala, hapo kila kitu kinaota."

"Mbuzi wa nani?"

"Wa Apua. Boma lake ni hilo hapo nyuma. Lilibaki vile alivyoliacha."

"Na Apua, shuka zake zilinuka nini?"

Regina alinusa tena. Apua alikuwa amelala na kuamka na mbuzi miaka sitini.

"Mbuzi," alisema polepole.

"Haye. Sasa hiyo homa. Mvua ikinyesha, ukiingiza mkono kwenye samadi ya boma, ndani iko vipi?"

"Moto."

"Kwa sababu inaoza. Kitu kikioza kinatoa joto. Umefunga samadi iliyolowa kwenye plastiki, imeoza, imepata moto, na mbegu yako imepikwa. Hiyo harufu inayochoma macho ni ya samadi."

"Na mkono?" Regina aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Huu mkono wa kijani ni wa nani?"

Khadijo aliinama, akauangalia.

"Huu ni ukungu. Ni adui wa uyoga. Weka mkono wako juu yake."

"Sitaki."

"Weka, abaayo."

Regina aliweka kiganja juu ya plastiki. Kidole kwa kidole, doa lilimtosha kama glovu.

"Ulipokuwa ukijaza ulishindilia kwa mkono," Khadijo alisema. "Ulinawa kwanza?"

"Nilikuwa nimetoka boma."

"Basi ni wako. Toa mkono sasa, funga pua kwa kitambaa. Ukungu huu ukiuvuta unaumiza kifua. Tutoe mifuko yote tuizike mbali."

Waliitoa mmoja mmoja, bila kuitikisa. Walipomaliza, Regina aliuliza alichokosea. Alikuwa ameupa uyoga chakula bora alichokuwa nacho.

"Ndilo kosa lenyewe," Khadijo alisema. "Uliandaa karamu. Karamu ikinukia, wanaingia hata usiowaalika: ukungu, nzi, minyoo. Uyoga unataka kitanda safi chenye unyevu. Mimi natumia makumbi."

"Kumbi gani? Za harusi?"

Khadijo alicheka. "Makumbi ya nazi. Zile nyuzi zilizo nje ya kifuu. Kule pwani wanazisaga, wanazikausha, wanazishindilia ziwe kama tofali. Abdisamad ananiletea. Makumbi yanashika maji siku nyingi, na wewe unajua upepo wa Isiolo, unakunywa hata jasho la mtu. Hayaozi haraka, kwa hivyo hayapati moto. Na ukungu hauyapendi sana, maana hayana utamu."

"Kama hayana utamu, uyoga wenyewe utakula nini?"

"Swali zuri. Makumbi peke yake ni chakula kidogo, utapata uyoga mchache na mwembamba. Kwa hivyo nachanganya nusu kwa nusu na majani makavu ya ngano kutoka Timau, yaliyokatwakatwa. Majani yanalisha, makumbi yanatunza maji." Alitikisa kichwa. "Lakini mimi nilianza vibaya kukushinda. Nilijaza vumbi la mbao. Kumbe mbao zilipakwa dawa ya mchwa. Hakukuota kitu. Hata mchwa hawakuja."

*

Wiki ile Regina alisugua chumba, akapaka kuta chokaa. Tumbaku yote aliifagia. Khadijo alikuwa amemwambia isikae karibu na uyoga. Aliifunga kwenye karatasi, akampelekea Apua kaburini.

Lori la Abdisamad lilirudi. Tofali la makumbi lilikuwa la rangi ya kahawia, kavu, jepesi kama mkate. Regina aliliweka kwenye beseni ndani ya chumba, akamwaga maji, akafunika kwa ubao. Juu ya ubao aliweka jiwe, kuku wasichakure. Akatoka kumkaribisha Ekitela, aliyekuwa ameketi uani karibu na mlango.

"Naona umetoa wale wagonjwa," Ekitela alisema.

"Nimetoa. Naanza upya."

"Mwezi wa kwanza umeshafika nusu."

"Najua, shemeji."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Ndani kulisikika mkwaruzo. Wote wawili waligeuka.

Mkwaruzo ukaja tena. Ubao ulikuwa ukipanda. Ulipanda polepole upande mmoja, kama mtu anayejisukuma kutoka kitandani. Jiwe liliyumba. Halafu likaviringika, likaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Regina," Ekitela alisema. Tangu Regina aolewe, Ekitela hakuwahi kumwita kwa jina lake.

Alisimama, akaondoka. Hakukimbia, kwa sababu mzee hakimbii. Lakini alipofika barabarani ekicholong yake ilikuwa bado mlangoni.

Regina alibaki peke yake na lile beseni. Angeweza kuondoka pia. Aliingia. Aliinua ubao kwa vidole viwili.

Tofali halikuwepo. Beseni lilijaa kitu laini cha kahawia, kilichovimba mpaka ukingoni, na bado kilikuwa kikinyanyuka taratibu.

"Nilisahau kukwambia," Khadijo alisema alipofika. "Tofali moja likinywa maji linakuwa kama matano."

"Umenimaliza, Khadijo."

"Onja maji yake kidogo, halafu uteme."

Regina alionja. Alikunja uso. "Ni chumvi."

"Ni ya pwani. Makumbi mengine yanakuja na chumvi, na uyoga hauitaki. Suuza mpaka maji yasiwe na chumvi."

Alisuuza mara tatu. Akachanganya na majani ya ngano, akaweka kwenye gunia, akalizamisha ndani ya pipa la maji moto. Maji yalitoa mvuke bila kutokota, kwa muda wa saa mbili, ili kuua ukungu na mayai ya wadudu. Alimwaga mchanganyiko juu ya plastiki safi uchuje na kupoa kabisa.

"Chukua konzi moja, kamua kwa nguvu," Khadijo alisema. "Yakitoka matone mawili matatu, ndiyo sawasawa. Yakitiririka ni mengi, acha yachuje. Yasipotoka, ongeza maji."

Yalitoka matone mawili.

Safari hii Regina alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Aliweka tabaka la mchanganyiko, akanyunyiza mbegu mpya aliyopewa na Khadijo, tabaka, mbegu, mpaka mfuko ukajaa. Alifunga, akatoboa vitundu vidogo. Alimwaga mchanga sakafuni na kuulowesha. Kila siku aliulowesha tena, na magunia yaliyoning'inia ukutani pia. Mlango aliufunga.

*

Siku ya kumi alifungua, akaona nywele.

Zilikuwa nyeupe, ndefu, nyembamba. Zilitambaa ndani ya kila mfuko, zikishuka kutoka juu, kama kichwa cha Apua alipokuwa akisukwa. Chumba kilikuwa kimya sana. Regina alitaka kukimbia. Badala yake alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya mfuko wa kwanza, kama alivyofanya siku zile tisa.

Ulikuwa baridi.

Alinusa. Ilikuwa harufu ya udongo baada ya mvua ya kwanza.

"Umepona," alisema, na hakujua anamwambia nani.

"Nyeupe ni uhai," Khadijo alimweleza baadaye. "Hizo ndizo nyuzi za uyoga. Ukiona kijani au nyeusi, toa mfuko huo siku hiyohiyo."

Wiki nne zilipotimia mifuko yote ilikuwa myeupe pande zote. Regina alipasua plastiki kidogo kwa wembe safi. Aliacha mlango wazi kiasi cha kiganja, mwanga na hewa viingie. Asubuhi na jioni alinyunyiza maji. Vilitoka vichwa vidogo kama vya vibiriti. Siku chache baadaye vilikuwa vipana, vya kijivu, vimerundikana, na vyote vimegeukia mlango. Vilikuwa kama masikio.

Mwezi wa pili uliisha. Asubuhi Ekitela alisimama uani na nyundo begani.

"Nimekuja kuchukua ekicholong yangu."

"Iko ndani, shemeji."

Alitazama mlango. Alikohoa.

"Hodi," alisema.

Hakuna aliyejibu. Alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenyeji nafasi ya kujifunika. Kisha akaingia.

Alikaa juu ya kigoda chake muda mrefu, katikati ya yale masikio. Halafu akaweka kiganja juu ya mfuko wa tatu.

"Ni baridi," alisema.

"Ni baridi."

"Yanasikiliza nini?"

"Hayasikilizi, shemeji. Yanatafuta mwanga wa mlango."

Ekitela aliitika kwa kichwa. Lakini alipoendelea kusema, alisema kwa sauti ya chini.

Regina alichuma fungu moja kwa kulizungusha taratibu likatoka lote. Alilikaanga kwa kitunguu na nyanya. Ekitela alitafuna, akatazama sahani, akatafuna tena.

"Una ladha ya maini," alisema. "Kichanja chako ni kidogo. Leta misumari."

Nyundo ikafanya kazi ya kupanua kichanja mpaka adhuhuri. Mifuko iliyofuata ilikuwa thelathini. Kikapu cha Regina sasa huenda hotelini pamoja na cha Khadijo, na vidole vyake vimepona.

Ekitela bado huja kumsaidia kujaza makumbi. Mlangoni husema hodi, husubiri, kisha huingia. Regina humcheka. Lakini kila asubuhi, kabla ya kushika kitasa, naye hugonga mara moja.