Nusu ya Maneno ya Mtafiti

Ndugu zangu, nisikilizeni, na msinihurumie. Habari hii sikuisikia kwa mtu. Niliifanya mwenyewe, na niliyemfanyia ni dada yangu wa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa kazini.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, dukani kwake. Dada ni fundi wa kushona. Cherehani ilikuwa inaimba juu ya sare za shule, binti yake anapiga pasi kola, na mimi nimekaa karibu na mlango na kikombe changu cha chai. Jicho moja lilikuwa limevimba, nyuki alikuwa amenidunga.

"Profesa," Dada akaniambia, "leo ni mwanafunzi gani amekupiga?"

Tulicheka mpaka binti akaisahau pasi juu ya kola, ikaanza kunuka moshi. Hata hilo likatuchekesha.

Kisha Dada akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akamtuma binti akanunue uzi mweusi. Boksi la uzi mweusi lilikuwa limejaa, nililiona. Binti alipotoka, Dada akanishika mkono, akaniingiza nyuma ya pazia, pale wateja wanapojaribia nguo.

"Mdogo wangu, nina saratani ya titi," alisema. "Wamepima, wamethibitisha. Uvimbe bado mdogo, kama punje ya hindi. Wamenipa tarehe ya upasuaji, wiki mbili kuanzia leo, halafu dripu za dawa ya saratani. Naogopa kukatwa. Naogopa sana. Watu wanasema huko kwako mmeshapata dawa. Ni kweli?"

Niwaeleze kwa nini aliniuliza mimi. Ninafuga nyuki, na zaidi ya asali navuna sumu yao. Unaweka kioo chenye nyaya za umeme mdogo wa betri kwenye mdomo wa mzinga. Nyuki akikanyaga anashtuka, anadunga kioo. Sumu inakauka, nawe unaikwangua kwa wembe, unga mweupe, mwepesi, na usipoziba pua utakohoa mpaka machozi. Unga huo alikuwa anauchukua mtafiti mmoja, mama mpole mwenye miwani, anayechunguza kama sumu za wanyama zinaweza siku moja kuwa dawa ya saratani.

Siku moja alinikaribisha maabara, akaniinamisha kwenye darubini. Niliona seli za saratani kwenye kisahani, zimejikusanya kama zabibu. Akadondosha sumu. Muda si mrefu zikaanza kupasuka.

"Umeona?" aliniuliza. "Lakini hata sabuni ya kufulia ukiidondosha humu itaziua. Kuziua kwenye kisahani ni rahisi. Kazi ni kuziua ndani ya mtu, na mtu mwenyewe abaki mzima. Hilo bado hatujalijua. Huenda likachukua miaka mingi, huenda lisiwezekane kabisa."

Nusu ya kwanza ya maneno hayo niliizungusha mtaa mzima. Nusu ya pili niliiacha palepale maabara. Kinyozi akaanza kuniita Profesa, wengine wakadakia, na kichwa changu kikavimba kuliko jicho.

Kwa hiyo nyuma ya lile pazia, dada yangu akinitazama kama mtu anayezama, ningeweza kumwambia, "Sijui, Dada, nenda hospitali." Maneno machache tu. Nikasema, "Nimeona kwa macho yangu. Zinapasuka."

Akashusha pumzi. Tarehe ya upasuaji ikapita.

Alikuja kwangu mara tatu kwa wiki. Nilikuwa nawashika nyuki kwa kibano, mmoja mmoja, nawaweka kifuani kwake kuzunguka uvimbe. Alikuwa anauma kitambaa ili asipige kelele. Nilianza na nyuki wawili, nikafika kumi.

Binti yake alipojua, alinifuata mizingani bila hata kuvaa wavu usoni.

"Mjomba, huyo mtafiti anajua unachokifanya?"

"Wewe unauliza maswali kama askari."

"Anajua au hajui?"

"Mama yako ni mtu mzima. Mwache apone."

Mtafiti hakuwa akijua. Nami nilihakikisha hajui. Siku moja alikuja kuchukua unga bila taarifa, akamkuta Dada amekaa kwenye benchi, khanga imefungwa kifuani, anasubiri. Mtafiti akamsalimia, akaniuliza ni nani.

"Jirani," nikajibu. "Amefuata asali."

Dada alinisikia. Aliinamisha macho, akaanza kuvuta uzi uliochomoza kwenye pindo la khanga, akauvuta na kuuvuta mpaka gari la mtafiti likaondoka. Nami, ndugu zangu, nilikwenda kuwachukua nyuki.

Mwezi wa nne tangu tuanze, uvimbe ulikuwa mkubwa kama ndimu, na kwapani kulikuwa na mwingine. Niliugusa nikajua. Mkono wangu ulijua kabla ya kichwa. Lakini mdomo ukasema, "Sumu inaukusanya mahali pamoja, ndiyo maana umekua." Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Niliyasema kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Wiki iliyofuata, nyuki wa tano tu alipomdunga, Dada alianza kujikuna viganja. Midomo ikavimba. Akasema, "Koo linaziba," akatapika, akaanguka kati ya benchi na ndoo ya maji. Nilimbeba mpaka barabarani, nikasimamisha gari la kwanza lililopita, la kubeba matofali. Tulimlaza juu ya magunia, nampigia kelele asilale.

Hospitali wakamchoma sindano, wakamwekea hewa. Jioni alifungua macho. Daktari, kijana mwenye sauti ya taratibu, alikuwa ameona kifua chake chenye makovu ya miiba mistari mistari, na alikuwa ameona uvimbe. Binti alikuwa amesimama upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili.

"Mama, nani amekufanyia hivi?"

Kulikuwa na nafasi ya mimi kusema. Ilikuwa nafasi ndefu, ndugu zangu. Niliangalia chini, nikaona viatu vyangu vina nta.

Dada akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Hakuna mtu. Nilichokoza mzinga."

Binti alinitazama, akasubiri. Nilipoendelea kunyamaza, akatoka nje.

Ilinichukua siku mbili kurudi kwa yule daktari na kumwambia ukweli. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwezi ule wa kwanza tungetoa kivimbe na titi lingebaki." Mtafiti nilimpigia simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na mimi nilikuonyesha kisahani." Alilia. Sumu yangu hachukui tena, na hakosei.

Dada alikatwa titi lote na tezi za kwapani. Anaendelea na dripu, nywele zimekwisha, na madaktari hawaahidi kitu. Mkono wa kulia, wa upande uliokatwa, umevimba, hauwezi kuzungusha gurudumu, hivyo binti ndiye anayeshona sasa. Mimi nampeleka kliniki kila wiki tatu. Dada amenisamehe, amesema hivyo kwa mdomo wake. Binti ananiita "wewe". Sijamsikia akiniita mjomba tangu siku ile.

Mwezi uliopita daktari aliniomba nizungumze na wagonjwa kwenye benchi la kusubiri. Nilisimama nikawaeleza yote, kama ninavyowaeleza ninyi, Dada akiwa amekaa mbele yangu na kilemba chake. Sikuficha kitu. Wengine walifuta machozi.

Nilipotoka getini, mwanamume mmoja alinikimbilia. Mke wake alikuwa ndani. Aliangalia huku na huku, akanong'ona, "Kaka, hao nyuki bado unao?"

Nilimshika mkono. Alifikiri nampeleka kwangu, akanifuata haraka haraka. Nikampitisha getini tena, nikamrudisha ndani mpaka kwenye benchi, nikamkalisha kando ya mke wake, nami nikakaa pembeni yake mpaka jina lao lilipoitwa.

FUNZO

Sumu ya nyuki, ya nyoka au ya nge inaweza kweli siku moja kutupatia dawa ya saratani. Wapo watu wanaoitafuta usiku na mchana, na tusiwabeze. Lakini kinachotafutwa bado hakijapatikana, na kisahani cha maabara si mwili wa dada yako. Ukiona uvimbe, wahi hospitali, na tarehe uliyopewa isipite. Na wewe unayependa kuitwa mjuzi, ukisikia neno la mtaalamu, lifikishe lote. Kama hujui, sema hujui. Mimi nilionea aibu kusema hivyo, na aibu niliyoipata badala yake sijui nitaitua wapi.