Tuachane Hapa

Siku kontena la baiskeli za mitumba linapofunguliwa Kinondoni, ustaarabu huwekwa kando. Watu wazima na heshima zao huparamiana kama wanagombea sahani za pilau. Samiha alikuwa ametoka zamu ya usiku na hajakiona kitanda, lakini aliipata aliyoitaka: ya kijani kilichofifia, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, matairi mapana yenye meno ya kukimbilia kwenye changarawe. Akaushika usukani, akavuta. Baiskeli haikuja. Kulikuwa na mtu ameshika kiti.

"Dada, hii nimeiona mie kwanza," alisema mwenye kiti.

"Kuona umeona. Kuishika nimeishika mie."

"Na mie hapa nimeshika nini?"

"Kiti. Kichomoe uende nacho, niachie kilichobaki."

Mwenye kontena, mzee Polikarpo, alicheka mpaka akakohoa. "Kijana, mwachie. Huoni mwenzio amesimama kwa kuiegemea hiyo baiskeli? Ukiivuta ataanguka."

Haroub, yule aliyeshika kiti, ndipo alipomtazama vizuri. Baibui limevaliwa harakaharaka juu ya sare nyeupe ya unesi, macho mekundu, kamba za raba zimefungwa ovyo. Na bado alikuwa mzuri, uzuri wa kumfanya mtu asahau alichokuja kununua. Akaachia kiti.

"Utaendeshea wapi?"

"Natokea Boko, nashuka bonde la Mto Mpiji. Msituni kule hakuna honi, na hakuna mtu wa kuniita sista, sista, dripu imeisha."

"Peke yako?"

"Ndiyo raha yenyewe."

"Basi Jumapili nitakuja nikae nyuma yako, kimya."

Alikuja, na baiskeli nyingine ya Polikarpo. Kimya hakukaa.

Niseme ukweli, hawa hawakupendana kwa maua wala kwa chakula cha hotelini. Walipendana kwa uchovu. Samiha alihudumia wagonjwa wa figo, saa kumi na mbili mfululizo akiwa wima. Haroub alisimama siku sita kwa wiki nyuma ya meza ya duka la viungo la familia, tangu baba yake alipopooza upande mmoja. Jumapili ndiyo ilikuwa yao. Waliteremka kwenye njia nyekundu ya changarawe, miti imefunga juu, majani makavu yakilia chini ya matairi, na harufu ya udongo mbichi ikipanda kutoka mtoni. Samiha alivaa shati refu la kufika magotini, hijabu ameichomeka chini ya helmeti. Haroub, kwa ajili ya stara, alivaa bukta ya kuchezea mpira juu ya suruali ya kubana.

"Unafanana na mpiga mbizi aliyepotea njia," Samiha alimwambia.

"Cheka tu, habibti. Mama yangu akiniona bila hii bukta, duka atampa binamu yangu."

Bondeni palikuwa na njia panda, penye nguzo ya umeme iliyoanguka ikasahauliwa. Kulia ni Boko, kushoto unatokea Madale mpaka mjini. Jumapili ya kwanza walipofika pale, Samiha alisema kama wasemavyo waendesha baiskeli wote, "Haya, tuachane hapa."

"Jamani! Tunaachana hata hatujapendana?" Haroub alimtania.

Wakacheka sana. Baada ya hapo kila Jumapili waliachana pale, na kila Jumatatu mchana simu iliita dukani.

"Miguu inauma?"

"Miguu haiumi. Panauma pengine."

"Kunywa maji, mgonjwa wangu. Nakuja kukuona Jumapili."

Ikapita miezi minane. Jumapili moja Haroub alisimama kwenye nguzo ile akasema bila utani, "Samiha, nataka mama aje Boko na wazee, walete posa. Kabla ya Ramadhani."

Samiha alitaka kusema ndiyo, lakini alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo, na jambo kama lile hakutaka kulijibu akiwa anasinzia.

"Nitakujibu, mpenzi. Leo nimechoka hata kufikiri."

"Nakusubiri," alisema Haroub.

Jumapili iliyofuata hali ya Samiha ilikuwa mbaya zaidi. Usiku wa kuamkia siku ile walikuwa wamempoteza mgonjwa wodini. Alikuja hivyo hivyo, hakusimulia. Haroub alimwona akipanda kilima huku akihema.

"Kila Jumapili umechoka wewe, roho yangu!" alimtania, kisha akatangulia amsubiri kwenye kivuko cha mto.

Samiha alipofika njia panda miguu iligoma. Alikaa juu ya nguzo, akatoa simu, akaandika: *Nimechoka. Tuachane hapa, usinisubiri.* Bondeni hakuna mtandao. Alama ya saa ikabaki pembeni ya ujumbe, na kabla hajasimama simu ikazimika kwa kuishiwa chaji. Akashika njia ya Boko, akafika, akalala mpaka kesho yake.

Haroub alisubiri mtoni, akarudi kumtazama. Kwenye vumbi la njia panda aliona alama za tairi lenye meno zimekata kulia. "Amekwenda kulala," akasema, akatabasamu, akaenda zake. Mpaka hapo palikuwa hapajaharibika kitu.

Jumatatu saa saba mchana Samiha aliichomeka simu kwenye chaji kazini, akaenda kwa wagonjwa wake. Simu ikawaka, ikapata mtandao, ikautuma ujumbe uliolala ndani yake. Haroub alikuwa anapima iliki ya mteja. Akasoma: *Nimechoka. Tuachane hapa, usinisubiri.*

Iliki ikamwagika. Wiki nzima alikuwa anasubiri jibu la posa, na aliona jibu ndilo hilo. Hakupiga simu. Ana kiburi, na mwanamume mwenye kiburi akiumia huandika vizuri kuliko kawaida yake: *Nimekuelewa. Sitakusubiri tena. Allah akupe wepesi.*

Samiha aliusoma jioni, amesimama kwenye korido ya hospitali. Alikumbuka, *Kila Jumapili umechoka wewe.* Akajua amemchosha mtu kwa kuchoka kwake.

"Mpigie," alisema Raudha, nesi mwenzake.

"Nimwambie nini? Kwamba kuanzia leo sichoki? Nitamdanganya, Raudha." Akalia pale pale, glavu bado mkononi.

Wiki tano zikapita hivyo. Watu wawili wanaopendana walikuwa wanapoteana kwa ujumbe mmoja, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Ramadhani ikabakiza siku kumi. Asubuhi moja Samiha aliisukuma baiskeli ya kijani mpaka kwa Polikarpo.

"Shikamoo mzee. Itafutie mtu mwingine."

"Marahaba. Ina ubovu gani?"

"Haina. Mie ndiye mbovu."

Mzee alimvutia kiti, akaenda kando na simu. "Kijana, ile baiskeli mliyogombania imerudi. Ukichelewa naiuza."

Duka haliko mbali. Haroub alitokea na kanzu yake ya dukani, pindo limejaa unga wa bizari, hata kofia ameisahau. Alifikiri anaifuata baiskeli tu. Alipomwona Samiha akasimama. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kiti cha baiskeli. Wa Samiha ukaenda kwenye usukani.

"Umekonda," alisema Haroub.

"Wewe unanuka mchuzi."

"Samiha, kwa nini uliniacha kwa meseji? Ungeniambia usoni, ningevumilia."

"Nimekuacha mie? Wewe ndiye uliyeandika hunisubiri tena!"

"Nilikujibu wewe! Si uliniambia tuachane?"

"Lini?"

Haroub alitoa simu kwa hasira, akamwonyesha. Jumatatu, saa saba na dakika nne mchana. Samiha akaitazama, akatoa yake, akaziweka mbili juu ya kiti cha baiskeli. Maneno yale yale. Ila kwenye simu yake iliandikwa Jumapili, saa nne asubuhi.

"Saa nne Jumapili," alisema polepole, "nilikuwa nimekaa juu ya nguzo."

Haroub alisoma upya. *Tuachane hapa.* Akajishika kichwa. "Njia panda."

"Njia panda, Haroub! Nilikuwa nataka kulala!"

"Ya Allah! Wiki tano sijala chakula kikashuka..."

"Na mie nilidhani umenichoka kwa sababu ninachoka."

Haroub akaacha utani. "Sikia. Chokea kwangu. Ukishindwa kilima nitashuka tusukume. Sikukupenda kwa mbio zako, mbio huna."

Samiha alicheka machozi yakimtoka. Polikarpo aligeuka ukutani, akawa anapangusa mnyororo uliokuwa safi.

Jumapili walirudi bondeni. Mvua za kwanza zilikuwa zimelaza vumbi. Walipanda taratibu, kilima kikubwa wakakipanda kwa miguu wakisukuma baiskeli, wakafika kwenye nguzo iliyoanguka wakiwa hoi wote wawili. Samiha akavua helmeti.

"Nimechoka," alisema.

Haroub alijifanya anakagua tairi. Neno lile lilikuwa bado linamchoma.

"Tuachane..." Samiha akafungua chupa, akanywa maji, taratibu, makusudi.

"Malizia, Samiha. Utaniua."

"Tuachane na hii habari ya kuachana hapa. Kila Jumapili wewe kushoto, mie kulia. Nimeichoka. Mwambie mama yako aje Boko."

"Lini?"

"Alhamisi. Ijumaa nina zamu."

Haroub alifuta jasho kwa mkono wa shati, akapanda baiskeli, akageuza usukani kulia.