Sifuri za Ummkulthum

Kila alasiri, baada ya kutoka chuo cha Kurani na kuuweka msahafu wake juu ya rafu, Ummkulthum alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kumpokea dada Lamya. Alikaa kwenye ngazi ya chini ya nyumba yao, pale Mji Mkongwe upande wa Malindi, akisikiliza nyayo uchochoroni. Lamya alipoingia, Ummkulthum alimpokea mkoba, akamletea maji ya kunywa, kisha akamfuata mpaka chumbani akimweleza yote yaliyotokea skuli siku hiyo.

Lamya alikuwa binti wa shangazi yake, kwao Chwaka. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea afya ya jamii, na chuo kilimtuma kufanya mafunzo ya vitendo kwa wiki nane katika ofisi ya afya mjini. Ndiyo maana akakaa kwa kina Ummkulthum. Ummkulthum alikuwa darasa la sita na hakuwa na dada wa tumbo moja. Tangu siku ya kwanza aliamua moyoni kwamba Lamya ni wake.

Tatizo lilikuwa Wanu.

Wanu alikaa uchochoro wa pili, na skuli walikaa dawati moja. Zamani alikuwa akija mara moja kwa wiki kuazima kitabu. Sasa alikuja kila siku, na hakuja kwa ajili ya kitabu. Alikuja kumuuliza Lamya maswali. Lamya alipoleta kashata aliwagawia sawasawa, mbili mbili, na huo usawa ndio uliomuuma Ummkulthum. Nani kamwita huyu, alijiuliza, huku akitafuna kashata yake bila kuisikia utamu.

Siku moja Wanu aliuliza kama Lamya akimaliza masomo atakuwa daktari.

"Daktari humngoja mgonjwa hospitali," Lamya alimjibu. "Sisi tunauliza kwa nini watu kumi wa uchochoro mmoja wameumwa wiki moja."

Akawaeleza kwamba chuoni wanasoma jinsi magonjwa yanavyoenea, takwimu, maji na usafi, lishe, na namna ya kuzungumza na watu wakakusikiliza. Mwenzake mmoja, Haitham, alikwisha kumaliza na sasa yuko bandarini, anakagua maji na maghala ya vyombo vinavyotia nanga. Mwengine yuko Matemwe, anawafundisha kina mama chakula cha watoto wachanga. Mwengine hukaa ofisini na kompyuta siku nzima, akitazama idadi ya wagonjwa wa kila kituo, na idadi ikipanda ghafla yeye ndiye wa kwanza kupiga simu. Wapo wanaotafiti, wapo wanaosomesha, wapo wanaosaidia kutunga sheria za usafi. Yeye mwenyewe alitaka kufuatilia magonjwa ya milipuko. Kwa hiyo, alisema, baiolojia na hesabu msizikimbie.

"Unauliza maswali ya mtu mzima wewe," alimwambia Wanu, akicheka.

Ummkulthum aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Maswali yale yale alikuwa nayo yeye. Hakuyauliza tu, kwa sababu alidhani ana wiki nane nzima.

Wakati huo mvua za masika zilikuwa zimemalizika, na homa ya dengi, ambayo wazee huiita kidingapopo, ilikuwa imeanza kuwashika watu mtaani. Ofisi ya afya ilitaka kujua mbu wanazaliana wapi. Lakini wakaguzi walikuwa wanaume, na katika nyumba za Mji Mkongwe mkaguzi mwanamume huishia ukumbini. Hafiki paani, maana huko ndiko wanawake wanakoanika nguo, wanakopanda asumini na kukaa vichwa wazi wakipunga upepo. Na huko paani ndiko yaliko mapipa ya maji.

Lamya peke yake asingeweza kuzipanda nyumba zote, akapata wazo. Alimwomba ruhusa sheha wa mtaa, Bwana Makungu, na akawaomba mama zao wale wasichana wawili. Mtoto wa mtaani, aliyezaliwa mbele ya macho ya kina mama wale, hupanda mpaka juu na hakuna anayejifunika. Ummkulthum alipewa uchochoro wa kwao, wa msikitini, nyumba kumi na tano. Wanu akapewa uchochoro wao wa kisimani, nyumba kumi na tano vilevile. Kila mmoja alipewa kata ya kuchotea maji, bakuli jeupe, na karatasi yenye safu tatu: nambari ya nyumba, vyombo vyenye maji, na vyombo vyenye viluwiluwi, yaani watoto wa mbu wanaochezacheza majini. Lamya aliwafundisha namna ya kuchota taratibu na kumimina kwenye bakuli, maana kwenye bakuli jeupe viluwiluwi huonekana vizuri. Aliwaambia pia kwamba mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Siku ya kwanza Wanu alirudi na nyumba nane, na tano kati yake zilikuwa na viluwiluwi. Vyengine alivikuta ndani ya dumu lililokatwa, lililosahauliwa nyuma ya tangi.

"Hata mimi ningelipita hilo dumu," Lamya alimwambia. "Kazi nzuri, Wanu. Nzuri sana."

Ummkulthum alitoa karatasi yake. Nyumba nane, na katika safu ya tatu sifuri nane zimepangana kutoka juu hadi chini. Lamya aliipitia, akasema ahsante mdogo wangu, akaitia kwenye faili.

"Kwani kwenu mbu wamehama?" Wanu alimtania.

Wanu hakuwa na nia mbaya. Ummkulthum naye alijua kwamba hana nia mbaya, na hilo lilimuuma zaidi. Skuli, mwenye sifuri hata moja huitwa mbele ya darasa. Yeye alikuwa na nane.

Siku ya pili alipanda ngazi kwa hasira. Alichota kwenye kila pipa na kila ndoo. Alipofika kwa Bi Fatma, bibi mjane wa nyumba ya pembeni, alikuta mapipa yamefungwa vitambaa vyeupe vikakazwa kwa kamba, na vyungu vya asumini havina visahani chini yake. Bi Fatma alimfuata akihema, akamfungulia pipa moja moja kwa mikono yake, akamwambia achote kwa nafasi yake. Maji yalikuwa safi kabisa. Ummkulthum aliaga, akashuka, akasimama kwenye kona ya ngazi ambapo hakuna anayemwona. Akaitazama ile safu ya tatu. Akilini akamwona Wanu akisifiwa tena jioni ile, akamwona Lamya akicheka naye.

Akaandika tano.

Ya kwanza ilikuwa nzito. Zilizofuata zilikuwa nyepesi. Nyumba sita kati ya saba alizozikagua siku ile alizipa viluwiluwi, sita hapa, saba kule, na jumla ya vyombo ikawa kubwa kuliko vyote alivyovipata Wanu kwa siku mbili.

Lamya aliitazama karatasi kwa muda.

"Vingi hivi?"

"Naam, dada."

"Basi umezipanda ngazi za watu, mdogo wangu. Kazi nzuri." Akampapasa bega. Wanu alitazama karatasi, akakubali kwamba ameshindwa, na Ummkulthum akaona raha ambayo hakuwa ameionja wiki nzima. Raha ile ilidumu siku mbili.

Ijumaa Wanu alikuja kumpa habari. Dawa ya kuua viluwiluwi iliyofika ofisini ilitosha uchochoro mmoja tu, na nyengine ingekuja baada ya wiki mbili. Wakubwa wa ofisi walitazama hesabu, wakaona uchochoro wa msikitini ndio wenye hali mbaya, basi watu wa dawa wangekuja huko kesho asubuhi. Kwa kina Wanu watangoja. Wanu alisema haya bila kulalamika. Alisema jirani yao, Mzee Mcha, alikuwa kitandani kwa homa, na mama yake mwenyewe, aliyekuwa na mimba ya miezi minane, ameambiwa na mkunga ajihadhari sana asiumwe na mbu.

"Nimemwambia alale ndani ya chandarua hata mchana," Wanu alisema, "lakini nani atapika?"

Ummkulthum alisema ana kazi ya skuli, akaingia ndani.

Alikuwa bado amekaa na daftari lililofungwa pale hodi ilipopigwa, na Bi Fatma akaingia. Mama yake Ummkulthum, Bi Maryam, alimkaribisha na kumpa kiti. Baada ya shikamoo na marahaba, Bi Fatma alieleza kwamba sheha amemwambia paa lake lina viluwiluwi katika vyombo vitano, na kwamba tangu asubuhi amemwaga kila kitu, pamoja na maji ya kunywa, na bado hajui kosa lake liko wapi. Mwaka jana mjukuu wake alishikwa na dengi nusura afe. Baada ya hapo alizunguka uchochoro mzima, nyumba kwa nyumba, kuwaomba wenzake wafunike maji. Sasa aliona haya kupita mbele yao.

Hakupaza sauti. Alimgeukia Ummkulthum.

"Mwanangu, wewe ulipanda ukaona. Macho yangu yamepungua nguvu. Niambie ni vyombo gani, nikavitoe."

Ummkulthum hakuwa na chombo cha kutaja. Angeweza kusema pipa la pembeni, na Bi Fatma angelitupa pipa zima. Aliitazama mikono ya yule bibi, imechubuka kwa kusugua, akaanza kulia.

"Hakuna, Bi Fatma. Kwako hakuna hata kimoja. Nimeandika uwongo."

Lamya alikuwa amesimama mlangoni, ndiyo kwanza atoke kazini, na aliyasikia yote. Alivua viatu, akaja akakaa sakafuni mbele ya Ummkulthum. Alimuuliza ni nyumba ngapi. Akamuuliza zipi. Ummkulthum alizitaja moja moja, na Lamya akaziandika. Mwisho akamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu ulimsifu Wanu," Ummkulthum alisema. "Mimi nilikuwa na sifuri tupu."

Bi Maryam alitaka kusema neno kali, lakini Lamya alimwomba kwa macho angoje kwanza. Akapiga simu ofisini kwa mkubwa wake, akamwambia ukweli wote bila kumtupia mtoto lawama peke yake: hesabu si sahihi, na yeye Lamya alipaswa kurudia baadhi ya nyumba kabla ya kuzipeleka, na hakurudia. Upande wa pili wa simu sauti ilipanda. Ilikuwa dhahiri kwamba anakaripiwa. Kisha akaondoka na Ummkulthum kwenda kwa Sheha Makungu, na Ummkulthum akayasema tena yale yale kwa mdomo wake. Baada ya hapo wakaenda kwa Wanu.

Wanu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama yangu, Kulthum?" Kisha akaingia ndani.

Jumamosi asubuhi watu wa dawa walikwenda uchochoro wa kisimani. Wanu aliwatangulia paani, maana safari hii ofisi ilituma kina mama, akawaonesha vyombo vyote, mpaka dumu lile la nyuma ya tangi. Upande wa msikitini, Lamya na Ummkulthum walirudia nyumba zote kumi na tano, na kila mlangoni Ummkulthum aliomba radhi. Walimalizia kwa Bi Fatma. Lamya alichota mwenyewe, akatazama kwenye bakuli jeupe, akampa kalamu. Ummkulthum akaandika sifuri.

Wakakaa juu ya kuta fupi za paa, wamechoka. Ndipo Lamya aliposema.

"Skuli, sifuri ni aibu. Kwetu sisi, sifuri ya kweli ndiyo tunayoiomba. Uchochoro huu una sifuri kumi na tano kwa sababu mwanamke mmoja alipita nyumba hadi nyumba na magoti yake yanamuuma. Hiyo ndiyo afya ya jamii, na Bi Fatma hakuisomea popote. Wewe uliifuta kazi yake kwa kalamu, na nusura umnyime dawa mama mjamzito. Nyuma ya kila nambari pana mtu, hata nyuma ya sifuri." Akaliweka bakuli chini. "Na mimi nilikosa. Niliwasifu kwa viluwiluwi, nilipaswa kuwasifu kwa kutazama vizuri."

Wanu alikaa siku tisa bila kuzungumza naye zaidi ya salamu. Siku ya kumi mama yake alijifungua salama mtoto wa kiume, na Wanu alikuja mwenyewe kumwambia. Lamya siku hiyo alikuwa anafunga mizigo yake kurudi chuo. Aliwagawia kashata mbili mbili, kama kawaida, na safari hii Ummkulthum aliusikia utamu wake.

Alipomsindikiza Lamya mpaka mlangoni, alimuuliza kwa sauti ndogo kama mtu mwenye wivu anaweza kuisomea kazi kama yake.

"Wivu kila mtu anao, mdogo wangu, hata mimi," Lamya alisema. "Usiupe kalamu tu."